Aliyenifundisha kazi sasa yuko chini yangu

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 29, na miezi miwili iliyopita niliteuliwa kuwa muuguzi mfawidhi, yaani msimamizi, wa wodi ya wazazi. Katika wauguzi wangu yumo mama aliyenipokea nilipokuja mazoezini. Ndiye aliyenifundisha kuzalisha. Siku hizi anachelewa zamu na nashindwa kumwambia, kwa hiyo kazi zake nazifanya mimi. Juzi nimetoka saa mbili usiku, na zamu yangu iliisha saa tisa na nusu. Nifanyeje?
Mfawidhi Mpya, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera, halafu nikugombeze kidogo. Unadhani unamheshimu kwa kumbebea kazi zake, na wale wadogo wanaowahi kila siku wanakuangalia tu.

Mimi nilikosea upande wa pili. Nikiwa mfawidhi mgeni nilikuta mtu kachomoa friji ya dawa achaji simu. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi akijifungua, inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, nasi tulikuwa Oktoba, joto unalijua. Nikamfokea yule binti katikati ya wodi, wagonjwa wanasikia. Baada ya hapo hakuna aliyeniletea kosa tena. Siku moja nikafungua faili la mama mjamzito aliyevimba uso: presha 120/80, 120/80, 120/80, usiku kucha. Nikachukua mashine nikapima mwenyewe: 160/110. Walikuwa wanaandika bila kupima. Wenzangu walikuwa wananiogopa mimi kuliko kifafa cha mimba, ambacho presha hiyo huleta.

Kwa hiyo usifoke, ila usinyamaze. Mwite pembeni kabla ya zamu (ofisi kama huna, stoo inatosha, mimi nilikuwa na stoo na kiti kimoja). Mwamkie, ufawidhi haufuti shikamoo. Kisha mtajie jambo moja: "Mama, ripoti inaanza saa moja na nusu, wiki hii umeingia saa mbili mara tatu. Kuna nini?" Halafu kaa kimya mpaka aseme.

Kama ni mjukuu anayempeleka shule, mpange zamu za mchana. Kama ni uchungu wa kuongozwa na mtoto aliyemfundisha, na mimi nahisi ni huo, mpe kitu chake. Mkabidhi mazoezi ya dharura ya kutokwa damu: kila Alhamisi, dakika kumi, anaita "Kitanda namba nne, damu!" na kutazama nani anakanda mfuko wa uzazi, nani anachoma oksitosini yuniti 10, nani anaweka dripu, nani anaandika muda. Mikono yake ina miaka mingi kuliko yako, itumie. Akiendelea kuchelewa, andika barua. Utaratibu upo.

Kozi za uongozi soma, zitakusaidia hata kuhuisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ila wodi inakupima kwenye rosta, ile ratiba ya zamu. Itoe mapema, na kumbuka nani alifanya kazi Idi na nani Krismasi. Tena wewe mwenyewe ingia usiku mara moja kwa mwezi, hata kama wafawidhi wengi ni watu wa asubuhi. Mimi ndivyo nilivyogundua ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa unalala nyumbani kwa mtu.

Na leo, ikifika saa tisa na nusu, kabidhi zamu uondoke. Usigeuke nyuma kuangalia kama mama yule amemaliza kazi zake.