Ukitaka sakura za Yoshino, anza na baiskeli Asuka

Kila ikikaribia mwisho wa mwezi wa tatu Wabongo wenzangu wa huku Osaka, Japani, wananiuliza swali lile lile, kaka mwaka huu tukaangalie wapi sakura, yale maua ya micheri. Na mimi jibu ni lile lile: achaneni na kubanana kwenye bustani za mjini, tengeni siku moja nzima, asubuhi baiskeli Asuka, mchana mlima Yoshino. Sehemu zote mbili ziko mkoa wa Nara na zipo kwenye reli moja ya Kintetsu, unapandia Osaka Abenobashi, kama dakika 45 hivi upo Asuka, ukishamaliza unarudi kwenye reli ile ile unaenda nayo mpaka inapoishia, ndo Yoshino hapo.

Mpangilio usiugeuze. Mwaka wa kwanza mimi niliugeuza, nikaanza na mlima, nimerudi Asuka saa kumi jioni miguu haina habari, na wenye baiskeli wanazitaka zao saa 11. Nikaishia kunywa chai ya kopo stesheni.

Baiskeli unakodi hapo hapo nje ya stesheni. Chukua ya umeme jamani, usijifanye mwamba, Asuka ukiitazama kwenye ramani unaona mashamba tu kumbe kuna vilima vya kutosha kukutoa jasho kabla hujafika hata kwenye ua la kwanza. Habari njema ni kwamba Japani wanapita kushoto kama kwetu. Helmeti omba, tangu Aprili 2023 sheria inamtaka kila mwendesha baiskeli ajitahidi kuvaa, na simu weka mfukoni kabisa maana tangu Novemba 2024 ukikamatwa unaichezea huku unaendesha ni faini mpaka yeni 100,000 au kifungo mpaka miezi 6. Ukitaka picha, simama.

Na utasimama tu, hasa Ishibutai. Ni kaburi la karne ya 7, inaaminika ni la Soga no Umako, yule kigogo aliyekuwa na nguvu kuliko wote enzi hizo. Udongo uliolifunika uliondoka zamani, yamebaki mawe matupu, na jiwe kubwa la juu peke yake linakadiriwa tani 77! Unaruhusiwa kuingia ndani. Kuna ubaridi kama wa mtungi, mwanga unapenya kwenye nyufa za mawe, halafu ukichungulia nje unaona sakura, na jirani kuna shamba la nanohana, maua ya njano jamaa yake haradali, yaani weupe juu njano chini. Mimi nilikaa pale nusu saa sifanyi chochote.

Haya, Yoshino. Watu wengi wanakosea kitu kimoja, wanaangalia tarehe ya sakura za Osaka wanadhani na huku ni hiyo hiyo. Sakura za mjini nyingi ni Somei Yoshino, miti iliyozalishwa kwa vipandikizi kutoka mti mmoja, ndo maana inachanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Jina lina Yoshino lakini asili yake ni Tokyo ya zamani. Mlimani kwenyewe miti mingi ni yamazakura, sakura za porini, na ua linatoka pamoja na majani machanga ya rangi ya shaba, kama mwembe unavyochipua. Kila mti na wakati wake. Halafu mlima umegawanywa ngazi nne, Shimo Senbon chini, Naka, Kami, mpaka Oku Senbon juu kabisa, na maua yanapanda ngazi hizo taratibu kuanzia mwanzoni mwa Aprili. Kwa hiyo ukikuta chini yameshamwagika usinune, panda. Mimi nilikuta chini kumebaki majani tupu, nikapanda karibu masaa mawili kwa miguu, nikafika Hanayagura, sehemu ya kutazama mandhari kutoka juu, na bonde zima lilikuwa jeupe, na paa la Zaodo, hekalu kubwa la Kinpusenji, linaonekana dogo kule chini kama kibanda cha kuku.

Miti yote hiyo haikupandwa kwa ajili ya watalii. Wanasimulia kwamba mtawa En no Gyoja alichonga sanamu ya Zao Gongen, mungu anayeabudiwa hapo Kinpusenji, kwa mti wa sakura, basi waumini wakawa wanaleta miche kama sadaka, karne na karne.

Barakoa beba. Milima ya Yoshino ni maarufu pia kwa mbao za misugi, mierezi ya Kijapani, na chavua yake masika sio mchezo, nilipiga chafya mpaka bibi mmoja akanipa tishu zake zote. Mfuko wa taka beba pia, mapipa hakuna. Chakula usihangaike, njiani wanauza kakinohazushi, wali wa siki na samaki vilivyofungwa kwenye jani la mpersimoni. Jani haliliwi. Nimeshalitafuna, najua ninachosema.

La mwisho, funguo ya baiskeli. Nilirudisha baiskeli mbio mbio nikiwahi treni, nimefika Zaodo nasaka chenji mfukoni nashika kitu chenye kengele ndogo... funguo. Kurudi nikashuka tena Asuka, duka limeshafungwa, nikaiweka kwenye bahasha na karatasi ya "samahani sana" kwa Kijapani changu cha kuungaunga, nikaisukuma chini ya mlango. Baiskeli yenyewe ilikuwa imepaki pale pale nje nilipoiacha.