Seli shina ya ubongo inajuaje iwe nini?

Swali: Nasoma baiolojia mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba seli shina za ubongo huzaa niuroni (seli zinazopitisha ishara za neva), pamoja na astrosaiti na oligodendrosaiti (seli zinazozisaidia niuroni), na zote zina DNA ileile. Sasa nani huamua hii iwe niuroni na ile iwe astrosaiti?

Jibu: Hakuna mwamuzi mmoja. Kama ningelazimika kutaja jambo moja tu, ningetaja wakati. Seli shina huzaa niuroni kwanza, astrosaiti hufuata, na oligodendrosaiti nyingi huja mwishoni. Ratiba hiyo seli huibeba yenyewe kwa kiasi kikubwa: ukiitoa kwenye gamba la ubongo wa kijusi cha panya ukaikuza peke yake maabarani, bado itaanza na niuroni.

Siri iko kwenye namna jeni zinavyofungwa na kufunguliwa. Chukua GFAP, jeni inayoitambulisha astrosaiti. Mwanzoni DNA yake imebandikwa vikundi vya methili, yaani vibandiko vidogo vya kikemikali, palepale ambapo protini ya STAT3 ingeshika ili kuiwasha, kwa hiyo STAT3 haipati pa kukaa. Wakati huohuo protini ya neurogenini inaisukuma seli iwe niuroni na kuiziba njia ya astrosaiti. Siku zikisonga, methili huondolewa na neurogenini hupungua. Kisha linatokea jambo ambalo mimi hulipenda sana: niuroni zilizokwisha kuzaliwa hutoa protini ya ishara iitwayo kadiotrofini-1, nayo huiamsha STAT3 ndani ya seli shina zilizobaki. Ni kama wakubwa wanawaambia wadogo zao, "Sisi tumetosha, ninyi shikeni kazi nyingine."

Majirani nao wana neno. Seli inayoelekea kuwa niuroni huonyesha protini ya Delta kwenye utando wake. Jirani huipokea kwa kipokezi chake kiitwacho Notch na kubaki seli shina. Pasipo hivyo zote zingegeuka niuroni mapema, na glia (yaani astrosaiti na oligodendrosaiti) zingekosa mzazi.

Mahali pia huhesabika. Katika uti wa mgongo unaokua, protini ya ishara iitwayo Sonic hedgehog hutoka upande wa tumboni na kupungua kadiri unavyoelekea mgongoni. Eneo la uti huo lenye protini ya Olig2 huzaa niuroni za kuendesha misuli, halafu eneo hilohilo huzaa oligodendrosaiti. Wakati tena!

Maikroglia, seli za kinga za ubongo, hukuzitaja, na umefanya vyema. Zinaishi ubongoni lakini asili yake ni kifuko cha kiini cha yai, si seli shina hizi; wanafunzi wengi hupoteza alama hapo.