Paka mnene kwenye nyumba ya wanyama wengi: anza na sahani

Paka wetu Minu alifika kilo 6 na nusu, wakati kwa umbo lake alistahili 4 na nusu hivi. Tunaishi naye hapa Bukavu, parseli moja na Kadogo, paka mdogo ambaye bado anakua, na Bobi, mbwa wa ulinzi. Minu alikuwa anakula sehemu yake, anamalizia ya Kadogo, halafu anashuka hadi getini kuangalia kama Bobi amebakiza bugali (ugali) wenye mchuzi. Ndiyo maana mtu mwenye wanyama wengi akiniuliza ampe paka wake chakula gani ili apungue, namjibu kwanza aangalie nani anakula wapi, na saa ngapi.

Kabla ya hapo, hakikisha kweli ni mafuta. Pitisha vidole kwenye mbavu zake bila kukandamiza. Kunja ngumi uguse vifundo vyake: mbavu zikiwa hivyo, paka amekonda. Nyoosha mkono uguse mgongo wa kiganja, pale mifupa inaposikika chini ya ngozi: hapo yuko sawa. Ukilazimika kutafuta mbavu kama unavyotafuta mifupa upande wa ndani wa kiganja, amenenepa. Tumbo kubwa lenye mbavu za kuhesabika ni jambo jingine: laweza kuwa minyoo, mimba au maji tumboni, na huyo anapelekwa kwa veterineri, hapunguziwi chakula.

Sasa jambo ambalo naliomba kwa moyo wote: usimfungie paka mnene chakula. Wapo wanaosema mwache na njaa siku mbili tatu, atakamata panya na mwili utapungua. Paka mnene asiyekula kabisa, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini kwa wingi kuliko linavyoweza kuyatumia, ini linajaa mafuta, na anaweza kufa. Siku mbili au tatu zinatosha kuanzisha hatari hiyo. Akikataa chakula siku nzima, tafuta msaada, usingoje kesho kutwa. Isitoshe, mitaani kwetu watu wanawatilia panya sumu, na paka mwenye njaa hachagui panya.

Turudi kwenye sahani. Kwetu hakuna tena sahani inayolala chini mchana kutwa. Chakula kinatoka asubuhi na jioni, na kidogo usiku kabla ya kulala. Kila mmoja ana mahali pake: Minu chumbani na mlango umefungwa, Kadogo jikoni, Bobi nje. Baada ya nusu saa hivi sahani zote zinaokotwa, hata kama kuna kilichobaki. Siku za kwanza Minu alikwaruza mlango na kulia. Usifungue. Akishajua kwamba chakula kinarudi kwa saa yake, makelele yanapungua.

Shida ni Kadogo, kwa sababu paka anayekua anakula kidogo kidogo na hawezi kumaliza kwa mara moja. Kwake tulitengeneza kreti ya mbao yenye kifuniko, ubavuni fundi akakata tundu la upana wa mabega ya Kadogo, sahani ikawekwa ndani kabisa mwisho. Kadogo anaingia bila shida. Minu aliingiza kichwa, akaingiza mguu mmoja, mabega yakagoma. Alikaa pale mbele ya tundu akinusa kwa muda mrefu, kisha akaenda zake. Ukitumia njia hii, hakikisha tundu limepigwa msasa vizuri, na ukumbuke kwamba mnene akipungua naye ataanza kupita, hapo itabidi ubadilishe mpango. Kama huna kreti, sahani ya mwepesi iweke juu ya kabati. Paka mnene haruki juu hivyo.

Kuhusu chakula chenyewe, sisi wa Kivu tuna bahati ya sambaza, samaki wadogo wa jamii ya dagaa. Samaki hawa waliletwa humu katika ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna paka wa Bukavu asiyewajua. Lakini sambaza za kukaanga ni mafuta matupu kwa paka mnene. Paka wa kilo 4 anayekaa nyumbani anahitaji kilokalori 200 hivi kwa siku. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese kina karibu 120. Sasa fikiria bugali uliochovywa kwenye mchuzi wa sombe, yaani majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Mimi nachemsha sambaza kwa maji machache, bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana vitunguu ni sumu kwa paka. Zile za kukaushwa kwa chumvi nazilowesha kwanza na kumwaga maji yake. Mbichi kabisa sitoi, kwa sababu samaki wengi wa jamii hiyo wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Mara kwa mara nachanganya na moyo wa kuku au nyama isiyo na mafuta, maana samaki peke yake hawatoshi.

Supu ya kuchemshia usiimwage. Paka anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini kwa ajili ya macho na moyo, inapatikana kwenye nyama na samaki, na nyingine inabaki kwenye maji hayo. Bugali hauna taurini hata kidogo. Ndiyo maana chakula cha Bobi si cha Minu, hata kama Minu anakipenda.

Halafu kuna watu wa nyumbani. Mama mkwe wangu alinisikitikia sana: "Mwanangu, mnyama wa Mungu unamnyima?" Nikamwambia, "Hapana mama, sehemu yake anapata. Weka mkono hapa mgongoni." Karibu na mkia manyoya yalikuwa yameshikana mafundo, na chini yake magamba meupe, kwa sababu Minu hakuweza tena kujipinda ajirambe. Mama aligusa, akanyamaza. Tangu siku hiyo ndiye anayewazuia watoto. Sentineli, mlinzi wetu wa usiku, naye nilimwomba kwa heshima asimpe makombo ya usiku, na watoto wa jirani niliwaonyesha kucheza naye kwa kamba iliyofungwa karatasi. Dakika chache za kukimbiza karatasi zinamfaa, ingawa ukweli ni kwamba sahani inafanya kazi kubwa zaidi kuliko mchezo.

Kupima ni rahisi. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Au tumia ile ya kuning'iniza ya sokoni, paka akiwa ndani ya kikapu. Lengo ni apungue kama asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki, isizidi 2. Kwa Minu hiyo ilikuwa gramu 65 hivi, kiasi ambacho macho hayaoni, kwa hiyo andika kwenye daftari. Zaidi ya nusu mwaka unaweza kupita kabla hajafika. Akishuka haraka kuliko hapo, mwongezee chakula. Asiposhuka mwezi mzima, usipunguze sahani kabla hujachunguza nani mwingine anamlisha.

Na kwa yule mwembamba: paka akishahasiwa mahitaji yake ya chakula yanashuka, lakini hamu yake inapanda. Kadogo akihasiwa, kreti yake itaondolewa na sehemu yake itapimwa kwa kikombe kuanzia wiki hiyo hiyo.