Uzamili wa usimamizi wa mazingira na sera ya maendeleo endelevu: jibu kwa mwenye shahada ya biolojia

Ndugu, umeeleza kwamba una shahada ya kwanza ya biolojia, kwamba umepata nafasi ya kusoma uzamili wa usimamizi wa mazingira na sera ya maendeleo endelevu, na kwamba unahofu kuiacha sayansi yako na kuambulia maneno ya mikutanoni. Mimi niliingia katika fani hii nikitokea kemia, nikiwa na hofu hiyohiyo.

Ni kweli kwamba muhula wa kwanza huwa na historia nyingi: Mkutano wa Stockholm wa 1972 kuhusu mazingira ya binadamu, ripoti ya 1987 ya Tume ya Brundtland iliyoeneza dhana ya maendeleo endelevu, Mkutano wa Rio wa 1992 kuhusu mazingira na maendeleo, kisha malengo 17 ya maendeleo endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Yasome vizuri, kwa sababu sheria na vibali utakavyokutana navyo baadaye vimejaa lugha iliyozaliwa humo.

Fani yenyewe ilinifungukia siku tulipopewa kazi ya kukagua mpango wa majitaka wa kiwanda kimoja, ambacho kibali chake kiliweka kikomo cha miligramu za nitrojeni katika kila lita. Niliona vipimo vyote viko chini ya kikomo, nikaandika kwamba kiwanda kinatimiza masharti. Mwalimu alinirudishia kazi ikiwa na swali moja tu: kwa siku yanatoka maji kiasi gani? Nilipofuatilia, nikakuta majitaka yalikuwa yakichanganywa na maji safi kabla ya kupimwa. Fanya hesabu hii: mita za ujazo 100 kwa siku za maji yenye miligramu 200 za nitrojeni kwa lita hubeba kilo 20 kwa siku; ukiongeza maji safi mpaka yafike mita za ujazo 400, kipimo kinashuka hadi miligramu 50, ilhali mto unapokea kilo zilezile 20, na maji safi yamepotea bure. Hesabu hiyo niliiweza tangu zamani. Jambo ambalo sikuwa nimefundishwa ni kwamba kibali kisichotaja jumla ya uzito kwa siku kinaweza kuhalalisha uchafuzi, na kwamba anayeweza kuligundua ni yule anayesoma sheria na vipimo kwa pamoja.

Tangu hapo nasoma kila ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, yaani ile inayokadiria madhara ya mradi kwa mazingira, kuanzia nyuma, kwenye mpango wa usimamizi, kwa maana huko ndiko ahadi hujificha. Nikikuta imeandikwa kwamba athari "zitadhibitiwa ipasavyo", natafuta ni nani atakayezidhibiti, lini, kwa fedha ya fungu gani, na kwa kiashiria kipi tutajua kwamba ameshindwa.

Kwa mtu wa biolojia naongeza tahadhari moja, nayo naiona nzito. Tumezoea kumwona binadamu kama tishio kwa viumbe, hivyo suluhisho letu la kwanza huwa ni kumwondoa. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wa misitu, malisho na maeneo ya uvuvi wanaweza kuyatunza kwa kanuni wanazojiwekea wenyewe, iwapo wana sauti katika kuzitunga na kusimamia utekelezaji wake. Somo hilo lilinisumbua kuliko mengine yote, na ndilo ninalolitumia zaidi.

Kwa hiyo usiamue kwa jina la kozi. Omba mtaala, uone kama takwimu, sheria ya mazingira, uchumi wa mazingira na mifumo ya taarifa za kijiografia (programu za kuchora na kuchambua ramani) ni masomo ya lazima au ya hiari, na kama kuna kazi ya uwandani inayopewa alama. Omba pia orodha ya tasnifu za miaka ya karibuni; zikiwa nyingi zimepima jambo fulani mahali fulani na kulihusisha na kanuni iliyopo, ichukue nafasi hiyo.