Barua mbili za vyuo, na kiwanja cha Mokowe

SWALI

Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 25, mwenyeji wa Langoni, Lamu. Nilimaliza shahada ya isimu na Kiswahili mwaka juzi, na tangu hapo nafundisha kwa mkataba katika shule ya sekondari. Mwezi uliopita nilipata barua mbili za kukubaliwa kusoma uzamili, na tangu siku hiyo nyumbani hakulaliki.

Ya kwanza imetoka chuo kikuu kimoja cha Marekani, katika majimbo ya kati yenye baridi kali. Ni masomo ya miaka miwili. Karo yote imesamehewa, nami nitafundisha Kiswahili kwa wanafunzi wanaoanza, kwa posho ya dola 19,800 kwa mwaka wa masomo. Ya pili ni ya Uingereza, mwaka mmoja. Karo ni pauni 24,000. Wamenipunguzia 6,000 na kuniita mshindi wa tuzo. Chuo hiki kina jina, na kutoka huko naweza kupanda treni mpaka London, ambako SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, wana hazina ya miswada ya Kiswahili. Ndoto yangu ni kusoma tenzi za zamani za kwetu.

Mama anataka Uingereza kwa sababu mamangu mdogo yuko Leicester, na mwaka mmoja si mwingi. Baba hasemi sana, lakini juzi nilimsikia akizungumza na dalali kuhusu kiwanja chetu cha Mokowe. Wamarekani wanataka jibu kabla ya tarehe 25 Machi. Waingereza wanataka amana ya pauni 2,000 kabla Aprili haijaisha. Nichague wapi, na nijitayarishe vipi?

Msomaji, Langoni

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonigutua kila mara ni yule dalali. Acha nianze hapo.

Mwaka 1991 nilipata nafasi ya kusoma Uingereza kwa msaada wa nusu karo. Chuo kilikuwa na jina, nami sikutaka kusikia la mtu. Babangu alikuwa na mashua ya kuchukulia boriti za mikoko. Aliiuza, akanikabidhi fedha ndani ya kitambaa alichokipiga mafundo mawili, akaniambia mashua ilikuwa imeshachakaa. Haikuwa imechakaa. Niliporudi nilimkuta ni baharia katika mashua ile ile, akipokea amri kwa mtu aliyemuuzia. Hakunilaumu hata siku moja mpaka Mungu alipomchukua. Shahada ile imenilisha miaka mingi, siikani. Lakini nikipita gatini jioni nikaona watu wanakunja tanga, huwa siwezi kusimama pale. Basi ujue jibu langu lina upande tangu mwanzo, ulipime ukilijua hilo.

Sasa chukua karatasi. Pauni 24,000 ukitoa 6,000 zabaki 18,000, na hiyo ni karo peke yake, karibu shilingi milioni 3. Juu yake kuna ada ya viza, na kuna ada ya huduma za afya ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Kwa kozi ya mwaka mmoja viza hupita masomo kwa miezi 4, kwa hiyo utadaiwa 1,164, na hulipwa zote kwa mkupuo mmoja unapoomba. Bado hujala wala hujalala. Wenye kutoa viza watataka kuona fedha za kujikimu za hadi miezi 9, zilizokaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja. Hapo ndipo viwanja vinapouzwa. Kuna watakaokwambia utafanya kazi ulipe karo. Ruhusa ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na saa hizo zikikutosha chumba na chakula, shukuru. Mamako mdogo wa Leicester anaweza kukupa kitanda na biriani ya Ijumaa. Karo hawezi, na si haki kumwomba.

Hilo neno mshindi wa tuzo usiliache likuleweshe. Kupunguziwa robo ya bei ni kupunguziwa bei. Ingekuwa Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanaolipa karo, tikiti na posho, ningekwambia anza kufunga mizigo.

Geuza karatasi, tuandike ya Marekani, na hapa pia tusidanganyane. Mwaka wa masomo ni miezi 9. Kiangazi chote huna mshahara, na kodi ya nyumba haisubiri. Kodi ya mapato nayo utakatwa, kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia. Nimepiga hesabu nikapata kama dola 2,100 za serikali kuu, na jimbo huenda likachukua zake. Karo imesamehewa, lakini ada ndogondogo za kila muhula mara nyingi hazimo, na bima ya afya huenda ukachangia. Weka 2,000 kwa hizo mbili mpaka wakujibu. Zabaki 15,700. Zigawe kwa miezi 12, wala usizigawe kwa 9, upate kama 1,308 kwa mwezi. Ukipanga chumba peke yako kwa 850, zabaki 458 za chakula, simu na nguo. Ukishirikiana nyumba na wenzako kwa 500, zabaki 808. Bei hizo za vyumba ni za kupigia mfano. Za kweli watakupa wanafunzi walioko huko.

Maisha ya dola 808 kwa mwezi ni ya kubana, lakini hakuna kiwanja kinachouzwa hapo. Ndiyo maana nakwambia nenda Marekani, ila usitie saini kabla ya kupata mambo mawili kwa maandishi.

La kwanza ni mwaka wa pili. Nina hakika barua yako ina sentensi inayosema posho ya mwaka wa pili itategemea upatikanaji wa fedha na maendeleo yako. Waulize bila kuona haya: katika miaka 3 iliyopita, je, yuko mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akifanya vizuri akakosa posho ya mwaka wa pili? Mkuu wa idara aliye mwaminifu atakujibu kwa mistari miwili. Akijibu kwa kurasa mbili zisizo na ndiyo wala la, umeshajibiwa.

La pili ni nani atakayekusimamia. Mwalimu wa tenzi na mwalimu wa sintaksia, muundo wa sentensi, si mtu mmoja. Ukifika ukakuta hakuna anayesoma hati za Kiarabu zilizoandikiwa Kiswahili, utasukumwa kwenye mada ya mtu mwingine. Uliza kwa jina, uliza kama atakuwepo miaka yote miwili au anakwenda likizo ya utafiti. Kisha omba namba za wanafunzi wawili, mmoja wa mwaka wa pili na mmoja aliyekwisha maliza. Uzungumze nao kwa simu, usiwaandikie, kwa sababu watu hawaandiki yale watakayokwambia kwa mdomo. Waulize kufundisha kunakula saa ngapi kwa kweli. Kisheria mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, lakini kusahihisha daftari za wanaoanza kunaweza kula usiku mzima, wewe mwenyewe ni mwalimu wajua.

Na tarehe 25 Machi isikukimbize. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini azimio la Council of Graduate Schools, baraza la vyuo vya uzamili, ambalo linasema mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye msaada wa fedha halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Orodha ya vyuo vilivyosaini iko wazi. Tafuta jina la chuo chako, ukilikuta waandikie kwa adabu: nashukuru sana, naithamini nafasi hii, naomba kutumia muda wa mpaka Aprili 15 kama azimio linavyoruhusu. Huo si utovu wa nidhamu, wanaijua kanuni kuliko wewe. Lakini ukishaamua, jibu siku hiyo hiyo, na chuo utakachokikataa ukiandikie pia. Nafasi unayoikalia bila kuitaka, kuna msichana mwingine Pate au Garissa anaisubiri.

Kuhusu miswada nimekuelewa, nami moyo wangu uko huko huko. Ila SOAS wameshaweka mingi ya miswada hiyo kwenye intaneti, utaisoma ukiwa popote. Isiyowekwa ni ile iliyomo majumbani mwetu, Siyu, Pate, na hapa Mkomani, imefungwa kwenye kanga juu ya makasha, na mchwa hawangoji profesa. Masomo ya miaka miwili yana kiangazi katikati, kile kile kisicho na mshahara. Uliza idara kama ina fedha ndogo za utafiti za kukurudisha Lamu miezi hiyo. Ukipata, kiangazi hicho ndicho kitakuwa tasnifu yako. Kozi ya mwaka mmoja haikupi nafasi hiyo. Ukigeuka ni Septemba na umeshaandika kila kitu kwa haraka.

Majibu ya Wamarekani yakiwa mabaya yote mawili, basi usiende kokote mwaka huu. Omba Waingereza wakuahirishie, endelea na mkataba wako, uombe tena. Una miaka 25.

Maandalizi nitayapitia upesi. Pasipoti yako itazame leo. Ikiwa haina muda wa zaidi ya miezi 6 baada ya safari, anza eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na uende Mombasa ukaifuatilie. Chuo kikikutumia fomu ya I-20, ile ya kuthibitisha umekubaliwa, lipa ada ya SEVIS, daftari la serikali la wanafunzi wa kigeni, dola 350, jaza DS-160, fomu ya kuombea viza, lipa ada ya maombi dola 185, na tafuta miadi ya mahojiano ubalozini Gigiri, Nairobi, siku hiyo hiyo. Huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye I-20, kwa hiyo usinunue tikiti kwa pupa. Picha ya viza unaweza kupiga na hijabu yako, ilimradi uso wote uonekane. Wanataka pia akaunti za mitandao ya kijamii ziwe wazi kwa wote. Kama kuna picha za harusi za ndugu zako wa kike bila buibui, ziondoe wewe mwenyewe kabla hujafungua, usiwaaibishe watu. Na kama una deni la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wasiliana nao mapema, maana mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo huwa wanaanza kudai.

Fedha za kuanzia ndizo zinazowaangusha wengi. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alifika katikati ya Agosti, na mshahara wake wa kwanza ukaingia mwanzoni mwa Oktoba. Katikati hapo alitakiwa amana ya chumba, kodi ya mwezi wa kwanza na vitabu. Alikula wali na dengu wiki sita, akawa hapokei simu za mamake ili asisikike analia. Mimi ningekutaka uwe na dola 2,000 mkononi mbali na tikiti. Hizo ndizo baba azitie mkono, pamoja na chama cha mama, sacco yako ya ualimu, na wajomba. Deni la namna hiyo utalilipa ndani ya mwaka.

Makoti mazito yapo soko la Kongowea, Mombasa, kwa bei nafuu, lakini viatu vya theluji nunua huko huko, vya kwetu vinapasuka. Ndege ndogo za uwanja wa Manda hazichukui mizigo mikubwa. Peleka begi lako Nairobi kwa basi kutoka Mokowe siku tatu kabla, likupokee jamaa. Vyeti vya asili vibaki kwenye mkoba wa mkononi, visiingie chini ya ndege.

Nimemweka mama mwisho kwa sababu yeye ndiye mwenye hofu kubwa, na hofu yake si ya nchi gani. Anajiuliza utaswali wapi, utakula nini, na nani atakuita jina lako. Tafuta jina la msikiti ulio karibu na chuo, piga simu, uliza kama kuna wanawake wanaofuturu pamoja Ramadhani, kisha mpe simu azungumze nao mwenyewe. Akitaka kumsikia mwanamke wa hapa Lamu aliyeishi peke yake ughaibuni, mhariri ana namba yangu, na mlango wangu wa Mkomani uko wazi baada ya alasiri. Aje na kadi yako ya kliniki ya utotoni, ile yenye chanjo ya surua. Vyuo vya Marekani huiulizia, na naamini iko ndani ya kasha lake.