AP5 haifuti kumbukumbu za panya

Mkuu, umeuliza kama AP5, kemikali ya utafiti wa ubongo, inafuta kumbukumbu. Haifuti, inazuia mpya zisijengeke. Nafundisha baiolojia hapa Kigoma, na huwapa wanafunzi mfano wa mwalo wa Kibirizi: mtumbwi mtupu umekalia nafasi ya kushushia, wenye dagaa unaelea nje. Ndivyo AP5 inavyokalia kipokezi cha NMDA, sehemu ya seli ya neva inayosaidia kujenga kumbukumbu, na glutamati, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli hizo, ikakosa pa kutua.

Mwaka 1986 mtafiti wa ubongo Richard Morris na wenzake waliiingiza AP5 moja kwa moja ubongoni mwa panya, maana ikipita kwenye damu haifiki vizuri. Panya waliogelea, lakini walipata shida kubwa kujifunza kilipo kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Jaribio zuri mno hilo!

Glutamati ikizidi sana, huisukuma AP5 pembeni, kwani zinagombea nafasi ileile.