Tano Iliyopikiwa Pilau

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, sasa ninaishi Hamburg, Ujerumani, mwaka mmoja na miezi minne. Mume wangu alitangulia kikazi, nikamfuata na watoto watatu: wa kiume wa miaka 13, wa kike wa miaka 8 na kitindamimba wa miaka 4. Mkubwa alikishika Kijerumani upesi, basi yeye ndiye mdomo wangu. Hospitali yeye, benki yeye, kikao cha wazazi yeye. Huku mtihani ukisahihishwa mzazi lazima asaini. Ananiletea, naona 5 nyekundu, namuuliza, "Tano kati ya ngapi?" Ananijibu, "Kati ya sita, mama." Nasaini kwa furaha. Kule Tanga alikuwa hakosi tano bora, sikushangaa. Mara moja nikampikia na pilau. Mwisho wa Januari jirani yangu Mkenya akaiona ripoti yake mezani, akanyamaza, halafu akaniambia taratibu kwamba huku 1 ndiyo ya juu, 5 ni kufeli. Nilimzaba kibao, Shangazi. Akasema, "Nitamwambia mwalimu, watakuja kukuchukua." Tangu siku hiyo namwogopa mtoto niliyemzaa. Baba yake anasema malezi ni kazi ya mama. Nataka nimrudishe Tanga kwa bibi yake akanyooshwe. Nitakuwa nimekosea?*

*Mama wa Watatu, Hamburg*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilipofika kwenye pilau nilicheka, Mungu anisamehe. Kicheko kiliisha nilipomwona huyo mtoto kwa macho ya moyo, amekaa mbele ya sahani, mama anamwongezea nyama, na yeye anajua. Unadhani ilipita kooni?

Kwanza nikutoe aibu ya namba. Kwa Wajerumani 1 ni vizuri sana, 2 ni vizuri, 3 inaridhisha, 4 imetosha, yaani amepita kwa kubana, 5 ni pungufu, 6 ndiyo hakuna kitu kabisa. Sisi tuliokulia kwenye asilimia na "umekuwa wa ngapi?" tungejuaje? Wangapi huko wamesaini kama wewe, sema wao hawajaandika barua. Na mwanao hakukudanganya kwa maneno. Tano ni kati ya sita, kasema kweli tupu. Ndiyo maana nasema huyo mtoto ana akili, na akili yake hiyo sitaki uipeleke kunyooshwa popote.

Nikusimulie kitu. Nilipokuwa darasa la tano, bibi yangu hakujua kusoma, na barua za mjomba kutoka Mombasa nilikuwa nazisoma mimi. Ananiketisha kwenye mkeka, anafunga macho, nasoma. Siku moja mjomba kaandika kwamba sikukuu ile hatatuma kitu, kazi imeharibika. Nikamtazama bibi alivyotulia, nikasoma, "Anakusalimu sana, anasema mambo yatakuwa mazuri." Sikuwa mwongo kwa tabia. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja niliyepewa mzigo wa kuamua bibi yangu alie au asilie. Wiki nzima nilimkwepa. Alipokuja kujua, alinikalia kimya, na tangu hapo barua akampa mwalimu wa shule ya jirani azisome.

Mwanao yuko kwenye mkeka ule ule. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu alisema mabaya yake yeye, na yeye ndiye aliyetakiwa kukueleza. Umemfanya mshtakiwa awe karani wa mahakama, halafu unashangaa faili limepotea! Na hospitali je? Mambo ya tumbo lako na uzazi wako yamepita masikioni mwa mvulana wa miaka 13, akayatafutia maneno mbele ya daktari. Hayo hukuyaandika, lakini nimeyaona katikati ya mistari. Mtoto anayeshika mdomo wa mama yake kila mahali mwisho hushika na nyumba. Lile neno lake la "watakuja kukuchukua" limetoka huko.

Sasa hizo 5 zenyewe zinatoka wapi? Hamburg mtoto mgeni huanzia darasa la maandalizi, lile wanaloliita IVK, kwa kawaida kama mwaka mmoja, kisha anaingizwa darasa la kawaida na wenzake. Hapo ndipo wengi wanapozama. Kijerumani cha kununua mkate na kucheza mpira anakijua, wewe unamsikia anakimwaga kama maji. Kijerumani cha historia na fizikia ni kitu kingine. Wewe mwenyewe unaikumbuka Fomu One. Umetoka msingi na Kiswahili chako, hesabu unazipiga, mara mwalimu wa Baiolojia anaingia na Kiingereza kuanzia mlangoni mpaka kengele, na mtu aliyekuwa wa kwanza darasa la saba anageuka bubu. Mwanao kapata Fomu One yake, ila ya Kijerumani, na nyumbani hakuna aliyejua kwamba imeanza.

Hata hesabu, ambazo nina hakika ndizo zilikuwa zikimpa tano bora, zina mtego wake. Wajerumani husoma tarakimu kinyumenyume. 21 wanasema "moja na ishirini", 47 "saba na arobaini". Mwalimu akitaja kwa haraka mtoto anaandika 74, na njia yote aliyoifuata chini ni sahihi. Kama alisoma madrasa mkumbushe kwamba Kiarabu nacho husema hivyo hivyo, *wahid wa ishrin*. Muulize tu jioni moja. Utaona uso wake.

Kuhusu kibao sitakubembeleza. Ujerumani tangu mwaka 2000 sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na haiangalii kama mpigaji ni mzazi au la. Lakini hadithi kwamba ofisi ya ustawi wa vijana, Jugendamt, inazunguka ikipora watoto wa Waafrika, iache kwa wanaoipenda kuisimulia kwenye misiba na harusi. Kumtoa mtoto nyumbani ni hatua ya mwisho kwao. Kazi yao ya kila siku ni kusaidia familia, na ushauri wa malezi unatolewa bure, unaweza kwenda mwenyewe kabla hujaitwa. Mtoto naye mwambie hivi, kwa Kiswahili, mkiwa wawili tu: "Nilikupiga, sikufanya vizuri, sitarudia." Najua kwetu mzazi haombi radhi. Omba. Kitisho chake kina nguvu kwa sababu kuna siri katikati yenu, na siri ikishasemwa mezani anabaki hana cha kukutishia.

Kumrudisha Tanga, hapana. Bibi yake ameshalea, mwacheni apumzike. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: kibali cha kuishi Ujerumani kwa kawaida hufa mwenye nacho akikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita. Unampeleka akanyooshwe mwaka mmoja, unapotaka arudi mnaanza na ubalozi upya. Na akifika huko wenzake wako sekondari kwa Kiingereza, yeye kichwani ana nusu Kijerumani. Utakuwa umempa Fomu One ya pili.

Fanya hivi. Wiki hii hii omba miadi na mwalimu wa darasa, na uende na huyo jirani yako Mkenya. Mtu anayeiona ripoti mbaya ya mtoto wa mwenzie akanyamaza kwanza, huyo ana adabu, mshike. Akishindwa, iombe shule mapema ikutafutie mkalimani mtu mzima. Mtoto awepo, akae upande wako kama mtoto, asitafsiri hata neno moja. Uliza swali moja tu kubwa: atapata lini tuisheni? Hamburg hawana desturi ya kumrudisha mtoto darasa kwa sababu ya 5. Badala yake shule humpa masomo ya ziada katika somo lililomwangusha, bila malipo. Ni haki yake, siyo hisani. Na kama yuko Stadtteilschule, sekondari ya watoto wa viwango vyote, na si Gymnasium, ile ya wanaokimbizwa zaidi kimasomo, usikubali mtu akutie huzuni. Zote mbili zinafika kwenye Abitur, mtihani wa kuingilia chuo kikuu. Ya kwanza inachukua mwaka mmoja zaidi, mpaka darasa la 13, na mtoto aliyeanza lugha akiwa na miaka 12 mwaka huo anauhitaji.

Kisha wewe. A1, ile ngazi ya kwanza kabisa ya Kijerumani, hata kama uliipata kabla ya viza, inamtosha mtu kusema jina lake na kuuliza bei ya nyanya. Najua kilichokufungia ndani ni kitindamimba. Hamburg mtoto wa umri wake ana saa tano za chekechea kwa siku bila ada, na chakula cha mchana humo humo. Unaombea vocha ofisi ya wilaya yako. Saa tano hizo ndizo darasa lako. Kozi ya lugha kwa wahamiaji ina vipindi 600 vya Kijerumani na 100 vya sheria na maisha ya nchi. Ni vingi, ndiyo. Utachoka, utalala na daftari kifuani.

Wewe si mama wa kwanza wa pwani kupotelewa na maneno katika mji huo. Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, aliingia Hamburg mwaka 1867 na mumewe Mjerumani. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu, idadi kama yako, mkubwa hajafikisha hata miaka mitatu. Huyo hakuwa na wa kumtafsiria. Alijifunza mpaka akaandika habari za maisha yake kwa Kijerumani, zikachapishwa 1886. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya Ohlsdorf, hapo hapo Hamburg, treni ya U1 inafika mpaka pale. Jumapili moja ya jua wapeleke watoto, mkubwa asome jiwe kwa sauti.

Hukuniuliza, lakini wa miaka 8 najua ameshaanza kukujibu Kijerumani. Wewe mjibu Kiswahili, bila ugomvi, kila mara. Usimwongelee Kijerumani chako cha kuokoteza kwa kudhani unamsaidia. Makosa atajifunza kwako na lugha yako ataikosa. Na akikuambia Kiswahili ni cha nyumbani tu, mwambie chuo kikuu cha mji huo huo anaoishi kinakifundisha, Wajerumani wanakaa darasani wakihangaika na ngeli anazozisema yeye usingizini.

Mumeo naye. Kasema malezi ni kazi ya mama. Sawa, lakini kufungua barua za shule si malezi, ni kusoma, na yeye amekutangulia katika kusoma huko. Mpe sanduku la barua liwe lake. Akirudi zamu amechoka, afungue akiwa amekaa, wewe umwekee chai. Hilo halimshindi mwanaume yeyote niliyewahi kumjua, na nimewajua wengi.

Kwa mkubwa wako, ukishamwomba radhi, mwambie amestaafu ukalimani. Tumia neno hilo hilo, amestaafu. Benki utaenda na karatasi umeandika, utakosea, mtu atacheka, utarudi nyumbani umemaliza shida yako. Atakuangalia tofauti. Mitihani aendelee kukuletea usaini, na wewe sasa unajua kusoma namba.

Akija na 4, hiyo ndiyo ya kupikia pilau.